Ukoo Uliotoka kwenye Sanduku la Bati

Mwezi uliopita kaka yangu Desmond, mtoto wa baba mkubwa, alituma picha kwenye kundi la ukoo. Ilikuwa ngao. Juu ya ngao amesimama simba mwekundu aliyetoa ulimi, chini yake kuna utepe, na kwenye utepe limeandikwa jina letu, Hayward. Ameipata mtandaoni, kwa watu wanaomchorea ngao ya mababu yeyote mwenye jina la Kiingereza, awe wa London au wa Gongoni. Akaandika kwamba sasa tujue tumetoka wapi, na kwamba ngao hiyo ichongwe kwenye jiwe jipya la kaburi la Babu kule kijijini Tura. Watu wakammiminia makopa na bendera ya Uingereza. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Nilicheka mpaka vitunguu vikaungua, kisha kicheko kikaisha na hasira ikabaki. Nikamjibu neno moja, hapana. Akauliza kwa nini.

Nanyi wa rika langu mnawajua watu wa namna hii, maana kila ukoo una Desmond wake. Mtu hajui mama wa bibi yake aliitwa nani, lakini anajua simba wa Uingereza anatoa ulimi upande gani. Simba wa kweli walikuwepo Tura, wakala watu na punda wao, na hakuna aliyewachora.

Hili jina nimelisoma kuliko yeye. Hayward ni jina la kazi. Zamani huko kwa Waingereza, watu wa kawaida walipokuwa hawajawa na majina ya ukoo, kijiji kilimchagua mkulima mmoja alinde nyua za miti zilizozunguka mashamba. Ng'ombe wakipenya wakaingia kwenye ngano, yeye alipiga baragumu, akawakimbiza, akawafungia zizini mpaka mwenyewe aje kuwakomboa. Ilikuwa kazi ya kukimbia na kupiga kelele, na majirani walimnunia kwa sababu ng'ombe waliofungiwa walikuwa wao. Watoto wake wakaitwa kwa kazi yake, na jina likabaki hata nyua zilipooza. Hakuna simba hapo, wala ngome. Kwetu Tura kazi hiyo tunampa mtoto ambaye hajang'oka meno ya utoto, na hatumpi viatu. Simdharau mlinzi wa mashamba hata kidogo, kwani aliyewahi kuliwa mtama wake na ng'ombe wa jirani anajua thamani ya mtu huyo. Ninaowadharau ni watu wetu waliomchukua mlinzi wa ngano ya wenzao wakamfanya mfalme wa kuwaonea aibu baba zao.

Mfalme huyo nilikutana naye nikiwa mdogo sana, naye alikuwa sanduku.

Nyumbani kwa Baba Mkubwa Gaspari, baba yake Desmond, pale Gongoni mjini, sanduku la bati lilikaa sebuleni juu ya stuli, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na upande wa mbele zilionekana herufi kubwa nyeupe za HAYWARD. Kila Krismasi ilipokaribia Baba Mkubwa alizipaka upya rangi ya mafuta, akiwa amepiga magoti na ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na nyumba nzima ikanuka rangi mpaka wali ukawa na ladha yake. Hatukuruhusiwa kuligusa. "Hiyo ndiyo asili yenu," alituambia. Mimi nilisikia Hayward ndiye aliyetuzaa, nikaona sanduku lina urefu wa mtu aliyejikunja, nikaunganisha mwenyewe. Niliamini babu wa babu zetu amelala mle ndani, mweupe, mkavu, amekunja magoti. Nilipotumwa kuleta maziwa asubuhi nilisimama mbele yake na kusema, "Shikamoo." Halikuitikia marahaba, nami nikaona ndio tabia za wakubwa.

Niliendelea kulisalimia hivyo mpaka siku Mama Mkubwa alipolifungua kutafuta shuka. Ndani mlikuwa na magazeti ya zamani, dawa ya kuzuia nondo na fulana moja iliyotoboka kwapani. Nililia kwa uchungu, nikidhani Hayward ametoroka. Mama Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini, lakini Baba Mkubwa hakucheka. Alifunga sanduku, akageuza herufi zitazame mlango, akaniambia mtoto wa ukoo wa Hayward halii ovyo kama watoto wa wapagazi.

Neno hilo, mpagazi, kinywani mwake lilikuwa tusi kuliko matusi yote. Alikuwa karani katika ofisi ya tumbaku, mtu wa soksi ndefu na kitana mfukoni. Alimfokea mbwa wake kwa Kiingereza tu, na yule mbwa masikini aliishi na kufa bila kujua anatakiwa afanye nini. Akija mgeni wa kutoka kijijini alimpokelea barazani. Akija mtu wa ofisini alimkaribisha sebuleni, akamkalisha akitazamana na sanduku, na kabla chai haijapoa lazima mgeni aulize. Baba Mkubwa hakusema uongo moja kwa moja mbele yetu. Alitabasamu tu, akapandisha mabega, akasema, "Mambo ya wazee hayo." Watu wakaondoka wakijua kwamba babu yake Gaspari alikuwa mzungu. Alikuwa mweusi kama sufuria, lakini ofisini walimwamini, au walijifanya.

Ukweli niliupata kwa Babu mwenyewe. Wakati wa likizo baba yangu, mdogo wake Gaspari, alitupeleka Tura kwa treni, na Babu alitusubiri stesheni amevaa koti lake la kaki lenye vifungo visivyofanana. Alikuwa na kikohozi cha kuanzia mbali, kama mtu anayebisha hodi, na alitembea akitupa mguu wa kushoto nje kidogo. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Nilipomwuliza Hayward alikuwa nani, alicheka akakohoa, akakohoa akacheka.

"Heiwadi? Mzungu wa mashamba ya karanga huyo, kule Urambo. Mimi nilikuwa kijana wake wa maji."

"Alikuwa mkubwa?"

"Alikuwa mtu wa kuhara, mjukuu wangu. Siku nzima nachota maji, natupa maji, nachota tena. Karanga zilipowashinda wakafunga virago. Sanduku lake limeoza kitako, akasema chukua. Nikaweka bati jipya chini, Bibi yako akatunzia mbegu."

Kisha akanieleza lililobaki, na alieleza bila kinyongo. Gaspari alipofaulu kwenda shule ya bweni, nyumbani hapakuwa na sanduku jingine. Akalibeba lile. Mwalimu wa zamu akasoma herufi, akauliza, "Wewe ndiye Hayward?" Mtoto akaitikia ndiyo, bwana. Baba yangu alipomfuata shuleni baadaye akaandikwa kama kaka yake, ili wasitenganishwe. Basi, hiyo ndiyo damu yetu ya kifalme. Lingekuwa sanduku la sabuni tungekuwa leo tunaitwa kwa jina la sabuni, na Desmond angekuwa ameshatafuta ngao yake.

"Na wewe jina lako nani, Babu?"

"Mimi Mihambo. Padri akaniongezea Yohana, nikapokea. Baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akavuka pori la Mgunda Mkali kwa miguu kwenda na kurudi, na jina lake hakuliacha njiani. Huyu Gaspari amepanda lori mpaka shuleni tu, la kwake limeshapotea."

Mwaka huo ndipo kikohozi kilipobadilika. Mama yangu alikuwa mjamzito, na Babu alimwita baba yangu na Baba Mkubwa wakakaa naye uani, mimi nikiwa nimeegemea goti lake. Alisema hana mali ya kugawa, ana jambo moja tu. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto atakayezaliwa, naye alitaka akifa aitwe Mihambo pale kaburini, mbele za watu, na jina liandikwe msalabani, ili mtoto aliye tumboni alipokee. "Msinizike na jina la yule mzungu wa kuhara," alisema. Baba yangu aliitikia. Baba Mkubwa alisema, "Tutaangalia, Baba." Hata mimi mtoto nilijua tutaangalia maana yake nini, kwa sababu ndilo jibu tulilopewa tulipoomba baiskeli.

Babu alifariki kabla ya masika. Tulipofika Tura Wagogo walikuwa wameshafika, na hapa lazima niwaeleze vijana wasiojua. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu siku za misafara, wakati watu wetu walipolazimika kupita nchi yao na mizigo kichwani na kulipa hongo ya njia na maji. Waligombana wakachoka, wakaishia kutaniana. Msiba ukiwa wetu, wao ndio wanaochimba kaburi, wanachota maji, wanapika, na wanamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke na kamasi puani. Msiba ukiwa wao, ni zamu yetu. Sharti ni moja, mtani hakasirikiwi.

Mkubwa wa watani pale Tura alikuwa Mama Nyemo, mwanamke mpana aliyeuza dagaa stesheni. Siku zote za matanga alivaa koti la kaki la Babu. Alitupa mguu wa kushoto nje kidogo, akakohoa kile kikohozi cha kubisha hodi, akaingia kila nyumba akisema, "Nipeni ugali wangu, mie Mihambo nimekufa na njaa, wanangu wachoyo!" Mara ya kwanza kumwona nilidhani Babu amerudi, nikamkimbilia. Alinipakata, akanilisha dagaa mmoja mmoja, na alikohoa vile vile sikioni mwangu mpaka nikalala. Hakuna faraja iliyonifikia kama ile.

Baba Mkubwa alifika siku ya maziko na gari la ofisi, pamoja na wenzake wanne watano waliovaa tai. Alikuja na msalaba wake tayari, mweupe, umefungwa kwenye shuka. Walipoufungua kaburini harufu ya rangi ya mafuta ikatufikia hata tuliokuwa nyuma. Uliandikwa YOHANA HAYWARD.

Katekista alikuwa ameshafungua kitabu. Mama Nyemo akamsogeza kwa bega, akateremka kaburini na koti lake, akakaa chini kabisa tukawa tunaona kitambaa chake cha kichwa tu.

"Mimi nimekuja kumzika mtumwa wangu Mihambo," alisema kutoka mle. "Huyo wa msalabani simjui. Nani kamleta?"

Watu walicheka. Ilikuwa kawaida kwa mtani kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka abembelezwe.

"Mama, toka humo," alisema Baba Mkubwa. "Hii ni shughuli ya heshima, kuna wageni."

"Lo! Mzungu amekasirika!" Mama Nyemo alipiga makofi. "Haya, kama aliye kwenye jeneza ni Mwingereza, Wagogo hatuna utani na Waingereza. Jamani, wekeni majembe chini. Waitwe ndugu zake Waingereza waje wamfukie."

Wagogo wakaweka majembe chini, kweli, wakakaa juu ya udongo. Mmoja akatoa ugoro. Kicheko kikapungua, maana jua lilikuwa kali na jeneza lilikuwa pale pale.

"Mwana wa Mihambo," Mama Nyemo akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mchezo. "Nataka kitu kidogo. Taja jina la baba yako, jina alilozaliwa nalo. Nikilisikia natoka."

Nilimtazama mdomo Baba Mkubwa. Ulifunguka. Aligeuka akawatazama wale wenzake wa tai, waliokuwa wamenywa chai yake wakitazamana na sanduku, nao wakamtazama kwa hamu, maana walishaanza kuelewa. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Mtoto anayeanza kusema angelitamka. Mtu mzima, karani, mwenye kitana mfukoni, baba yake amelala miguuni pake, akafunga mdomo. Nimeona watu wengi wadogo maishani, na bado sijamwona aliyekuwa mdogo kama yeye saa ile. Baba yangu naye alitazama viatu vyake, na hilo pia sijalisahau, ingawa nilimpenda.

Aliyesimama alikuwa Bibi. Wanawake wa umri wake hawakutaja jina la mume, ilikuwa adabu waliyoolewa nayo. Katika maisha yao yote alimwita Baba Gaspari, na akimtafuta porini alipiga ukelele tu na yeye akaitika. Wakwe walimshika mikono wamkalishe, wakidhani amezidiwa. Akawaondoa mmoja mmoja. Akasogea mpaka ukingoni akainama kuelekea kaburini, si kwa Mama Nyemo, kwa lile shimo lenyewe.

"Mihambo," alisema. Alilitamka kama mtu anayeonja chakula asichowahi kula. "Mihambo. Mihambo, mume wangu."

Kilio kilichopasuka pale kilisikika stesheni, nadhani. Mama Nyemo alipanda kutoka kaburini uso umelowa, hana utani tena, akamkumbatia Bibi ndani ya koti la Babu. Katekista akaugeuza msalaba, upande usio na rangi ukatazama watu, akachukua mkaa wa jikoni akaandika Yohana Mihambo, na Wagogo wakashika majembe.

Baba Mkubwa hakukubali kushindwa. Baada ya maziko alimfuata Mama Nyemo kwenye masufuria, mbele ya kila mtu, akamwambia yeye si mtani wa mtu yeyote, na asithubutu yeye wala uzao wake kuleta ushenzi kwenye msiba wa nyumba yake. Mama Nyemo alikuwa anakoroga ugali. Hakuacha kukoroga. "Nimesikia, bwana," alisema, na lile neno bwana tulilielewa wote, kwa sababu mtani hakuiti bwana.

Mvua ilipofuta mkaa, Baba Mkubwa alirudi Tura na saruji, akaandika Hayward kwa msumari kabla haijakauka. Watu wa Tura wanapita na ng'ombe wao, wanapaita kwa Mihambo. Mdogo wangu aliyezaliwa masika yale anaitwa Mihambo, ana watoto, ana kitambi, na kwenye kundi la ukoo Desmond anamwita Michael.

Mama Nyemo naye alishafariki, tukamzika sisi, Wanyamwezi tulichimba na kupika na kumsema vibaya siku tatu. Kisha mwaka jana akafa Baba Mkubwa. Watoto wake walikodi mahema, viti vya kuvalishwa nguo, bendi ya matarumbeta na vijana wa kuchimba waliovaa fulana zinazofanana. Kila kitu kilikwenda kwa saa. Nyemo, binti wa yule mama, anayeishi sasa hapo hapo Gongoni, alikuja na Wagogo wenzake. Walisaini kitabu cha rambirambi, wakakaa kwenye viti, mikono mapajani, kama wageni wa serikali. Nilimfuata nikakaa naye.

"Dada Nyemo, mbona mmetulia hivi? Mnatuacha hivi hivi?"

"Marehemu alikataa utani, dada yangu," alisema kwa upole. "Tumekuja kutoa pole tu."

Nilimsihi. Nilimwambia yale ni ya zamani, angalau akohoe, angalau avae hata kofia ya marehemu apite mlangoni. Alinishika mkono, akatikisa kichwa. Basi tukamzika Baba Mkubwa Gaspari Hayward kwa heshima zote, kimya, kila mtu akitazama mbele, na hakuna hata mmoja aliyemtukana.